Maswali Uliyonifunza Katikati ya Kahawa

Mwanangu Wanjiru, ambaye pia ni mama yangu,

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Lodwar, na huko jikoni mama yako anakupangia sanduku kana kwamba unaenda kuishi juu ya mlima. Nimemwona akiingiza sweta ya pili. Nimemkumbusha kwamba huko, kama tunavyosikia, kuku hutaga yai likiwa limeshaiva, naye akaniambia niachane na sanduku lake nikatafute kazi ya kufanya. Ndiyo hii nimeipata. Nimeingia kwenye stoo ya kahawa, nimekaa juu ya gunia, taa nimeiweka juu ya debe, na ninakuandikia.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, kuvaa kofia, kutafuta kanisa na kutuandikia barua, hayo mama yako ameshakuambia, na atakuambia tena kesho kupitia dirisha la gari. Mimi sina maagizo. Mtu aliyefanya niliyoyafanya mwaka huu hawezi kumwagiza wakili chochote. Najua utasema bado hujawa wakili, kwamba kwanza kuna huu mwaka wa kujifunza kazi kwenye ile ofisi ya kusaidia watu wasio na wakili, kisha kuna shule nyingine, kisha kiapo. Hapa Gakindu umekuwa wakili tangu siku barua ya chuo ilipofika. Unamkumbuka yule jirani aliyekuja kukuomba umshtaki mbwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo lazima ulijue kabla hujaondoka. Tangu juzi nimejaribu kulisema kwa mdomo na nimeshindwa. Juzi, baada ya miezi ya kunijibu kwa neno moja na kunyamaza, ulicheka nami. Ulinimiminia chai, ukaniuliza kama goti bado linaniuma. Najua ni nini kilichokufurahisha, na ndicho hicho ninachopaswa kukuharibia. Nitakisema mwishoni kwa sababu mimi ni mwoga, lakini nitakisema.

Acha nianze na kahawa. Ulipokuwa mdogo, ulinililia nikufunze kupogoa. Nikakupa msumeno mkononi kabla hata sijakuonyesha mti. Ndivyo baba yangu alivyonifunza mimi, na sikujua kuna njia nyingine. Wewe ukachagua tawi lililokuwa limejaa maua, ukalikata kwa bidii yako yote, ukalileta kwangu ukitabasamu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Kisha nikakuona midomo inatetemeka, nikashindwa la kufanya, nikauchukua ule msumeno na kukata tawi la pili, zima, lenye maua vilevile, nikakuambia sasa tuko sawa. Mama yako alisema ule mti ulivamiwa na wazimu wawili kwa siku moja. Tangu hapo hukuwahi kukata tawi baya tena, na mimi nikaamini kwamba mkono ukikosea ndipo unajifunza. Sikuwahi kujiuliza tawi lilisema nini.

Kwa hiyo uliporudi likizo ya kwanza ukatueleza kwamba chuoni hamsomi vitabu peke yake, kwamba mnajifunza sheria kwa kuifanya, mimi nilielewa mara moja. Mama yako ndiye aliyeshtuka. Ulisema, "Tuko na korti ya kuigiza," naye akaweka mwiko chini. "Kuigiza? Tumekupeleka mpaka Nairobi uende kuigiza?" Ukacheka mpaka ukashika tumbo. Ndipo ukanialika nije nijionee, na mimi nikavaa koti la harusi.

Ile siku sijaisahau. Ulikuwa unamtetea kijana aliyeshtakiwa kuiba ng'ombe. Watu waliapa, wakahojiwa, mwalimu wenu amekaa juu amevaa joho, na wewe ukasimama ukawageuza mashahidi kushoto na kulia hata nikaanza kumwonea huruma mwenye ng'ombe. Tulipotoka nje nilikuuliza swali moja tu.

"Na hiyo ng'ombe sasa iko wapi?"

"Baba, hakuna ng'ombe."

"Sasa hao watu wote wameapa juu ya nini?"

Uliniambia, "Ni mazoezi, baba. Hapa tukikosea, hakuna mtu anaumia." Nikaona hiyo ni shule nzuri sana. Nilirudi Gakindu nikawaambia watu sokoni kwamba binti yangu amemnyang'anya mtu ng'ombe ambaye hayupo, na nikacheka kuliko wote.

Kisha ukachaguliwa kwenda kushindana na vyuo vingine. Darasani kwenu ni wachache walioipata nafasi hiyo, na ukaja likizo ya Aprili ukiwa na hofu. Kila jioni tulienda katikati ya kahawa kufanya mazoezi. Mama yako alikuwa hakimu, amejifunga shuka la kijani na kukalia ndoo. Mimi nilikuwa shahidi. Sijawahi kuteswa namna ile.

"Shahidi, ulikuwa umesimama kando ya barabara?"

"Nilikuwa nimesimama, lakini si kusimama hivi, nilikuwa nangojea—"

"Ndiyo ama hapana?"

"Wanjiru, acha mtu amalize!"

"Ndiyo ama hapana, baba?"

Na hakimu juu ya ndoo anasema, "Jibu swali, mzee." Ulinishinda kila jioni, na kila jioni nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilikuuliza siri ni nini, ukanieleza ukiwa umenishika mkono kwenye ule mteremko. Swali liwe fupi. Lisiwe na mlango wa pili wa shahidi kutokea. Na usiulize kamwe jambo ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. Nilisema huo ni ujanja wa mbweha, ukaniambia si ujanja, ni njia ya kumzuia mwongo asikimbie. Sote wawili hatukufikiria itakuwaje kama anayeulizwa si mwongo.

Sasa nije kwa Tata Muthoni, mke wa marehemu ndugu yangu. Yote haya unayajua, lakini acha niyaseme kwa mpangilio wake, kwa sababu kortini niliyasema kwa mpangilio mwingine.

Mashamba yalipokuwa yakiandikishwa, ndugu yangu Kariuki alikuwa bado mtoto wa shule. Mama alisema shamba lote liandikwe kwa jina langu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na Kariuki akioa apate sehemu ya chini, ile inayoteremka mtoni. Alipomwoa Muthoni, mama aliita wazee, akachukua itoka, yale maua ya mpaka, akapanda kwa mkono wake mstari mzima kutoka barabarani hadi majini. Kwetu itoka likishapandwa, maneno yamekwisha. Anayeling'oa anajitafutia laana, na hata mimi kwa hasira zangu sijawahi kulifikiria hilo. Lakini hati ya shamba haina itoka. Hati ina jina langu peke yake.

Kariuki alipotuacha, Muthoni alibaki na wavulana wake, na miti ya kahawa ambayo mama aliipanda. Unajua jinsi kahawa ilivyotufanyia miaka hii. Unapeleka kiwandani, unangojea, mpaka unasahau kwamba unangojea. Muthoni akachoka kungojea. Siku moja niliteremka mtoni nikamkuta amekwisha kung'oa mstari mmoja na anaendelea na wa pili. Miti ya mama imelala mizizi juu, na mashimo ya mahindi yameshachimbwa.

"Muthoni, hiyo ni kahawa ya mama!"

Hata hakusimamisha jembe. "Baba Wanjiru, watoto hawali kahawa."

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Mimi nikikasirika sina breki, unanijua. Ningeweza kukaa chini nimsikilize. Ningeweza kumpa gunia la mahindi. Badala yake nilipanda kilima nikaitoa ile hati chini ya godoro, nikaenda kushtaki kwamba kuna mtu ameingia katika shamba langu na kuharibu mali yangu. Mtu! Mwanamke aliyenipikia siku ya mazishi ya baba, nikamwita mtu.

Kesi ilipokuwa inangojea kusikizwa, ndipo mlipokuja ninyi wanafunzi. Likizo ndefu, siku ya soko, mkapanga meza katika ukumbi wa kanisa pamoja na mwalimu wenu, yule mama wa miwani ya kamba, mkasema mtu yeyote asiye na wakili aje asikilizwe bure. Nilisimama mlangoni nikijifanya namtafuta mtu. Kusema kweli nilikuja kukutazama. Nilikuona umeinamia wazee, unauliza polepole, unaandika, na nilitaka kumshika kila anayepita nimwambie yule ni wangu.

Foleni ikamleta Muthoni kwenye meza yako. Sijui kama alikuchagua au ni foleni tu. Alikaa, akaweka kiondo magotini, na hakukusalimia kama mtoto.

"Nyaciara," alisema, "nimekuja kwako."

Wenzako hawakuelewa, lakini mimi na wewe tulielewa. Alikuita mama mkwe. Na si kukubembeleza. Umebeba jina la mama yangu, na kwa kuwa Mungu aliwapa yeye na Kariuki wavulana watupu, jina hilo liko kwako peke yako katika boma hili. Tangu siku unazaliwa, yeye amekuita hivyo, na ulipokuwa hujaota meno alikuwa akikuletea ndizi mbivu na kukuambia, nyaciara, kula. Sasa alikuwa ameletewa kesi na shemeji yake, akafanya ambacho mke yeyote wa kwetu angefanya. Alienda kumshtaki kwa mama yake.

Nilikuona umeshika kalamu bila kuandika. Kisha ukamshika mkono.

"Tata, siwezi kukusikiliza. Mwenye kukushtaki ni baba yangu. Lakini huyu mwenzangu atakusikiliza vizuri kuliko mimi."

Ukainuka, ukampa kiti chako yule kijana wa Siaya, ukatoka nje kwa mlango wa nyuma. Mwalimu wenu alitikisa kichwa kukubali. Na mimi, mjinga, nilifurahi. Nilidhani umenichagua mimi. Jioni ile nilikuja kwako na karatasi zangu zote, nikazitandaza juu ya kitanda chako.

"Haya, mama. Niangalilie hizi."

Ulizikusanya, ukazipanga vizuri, ukanirudishia.

"Baba, wewe pia siwezi. Nikiinuka mbele ya Tata, ninainuka mbele yako. Kesi hii siigusi, si upande huu, si upande ule."

Nilikuambia kwamba mwana asiyemsaidia babaye hana faida. Nikaenda kulala na njaa ili unionee huruma, na mama yako akala chakula changu.

Siku ya kesi hakuna aliyekuwa na wakili, si mimi, si yeye. Yule kijana wa Siaya alikuwa amemsaidia Muthoni kujitayarisha, lakini mwanafunzi haruhusiwi kusema kortini, na wazee waliomwona mama akipanda itoka wote tumekwisha kuwazika. Alikuja peke yake na kiondo chake. Wewe ulikuja ukakaa nyuma kabisa karibu na mlango, si upande wangu wala wake. Nilikuona na nikajipa moyo. Hakimu akaniuliza kama nina maswali kwa shahidi.

Wanjiru, naapa sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimekusudia kusema hadithi yangu ndefu na kulia kidogo. Lakini nilipofungua mdomo, wewe ndiye uliyetoka.

"Muthoni, jina yako iko kwa hati ya hii shamba? Ndiyo ama hapana?"

"Hapana, lakini mama—"

"Iko karatasi mama aliandika akikupatia?"

"Mama hakujua kuandika."

"Ndiyo ama hapana?"

"Hapana."

"Ni wewe uling'oa kahawa?"

"Ndiyo."

"Uliniuliza kwanza?"

"Hapana."

Kila swali fupi. Kila swali bila mlango wa pili. Na kila jibu nililijua kabla. Nilisikia watu nyuma wakinong'ona, ati mzee huyu amesomea wapi, na nitakuambia ukweli ulivyo: nilisikia utamu. Ulinipanda kichwani. Muthoni akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, mwambie aseme ni nani alikuwa anabeba mama yake akipelekwa choo, hiyo miaka yote alikuwa amelala. Mwambie aseme alikufia nyumba gani."

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole, "Mama, utapata nafasi yako. Saa hii jibu swali umeulizwa." Nafasi yake ilipofika, alisimama akatazama mikono yake, akasema, "Mimi sina ingine." Alikuwa amekwisha kuvunjika.

Mimi jibu nililijua. Mama alifia jikoni kwa Muthoni, kando ya moto. Nilikuwa nimejenga nyumba ya mabati na mama akakataa kulala ndani yake. Alisema nyumba isiyo na moshi ni ghala. Akaenda kulala kwa Muthoni, na Muthoni akamlisha, akamwosha, akamgeuza upande na upande, na moto ule haukuzimika mpaka siku tuliyomtoa. Sikuulizwa hayo, kwa hiyo sikuyasema. Niliyaapia maneno yangu yote na hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

Nilipogeuka kukutafuta, kiti chako karibu na mlango kilikuwa kitupu.

Jioni nilikukuta hapa nyuma ya stoo. Hukunigombeza. Laiti ungenigombeza. Ulisema tu, "Baba, hiyo ilikuwa mazoezi," ukaingia ndani. Na kutoka hapo nikawa naishi na mtu anayenisalimia vizuri.

Hukumu ilipotoka nilikuwa nimeshinda. Muthoni alipewa muda wa kuhama, lakini hakuungojea. Siku ya tatu pickup ilikuja ikachukua vitanda na kuku. Mahindi yake aliyaacha yakiwa machanga. Alipopita mbele ya lango letu, mama yako alikimbia barabarani akalia, na mimi nilibaki nyuma ya kichaka cha ua nimeshika panga, najifanya ninapunguza ua. Majuto ni mjukuu, watu husema, na huyu wangu hata hakuchelewa kuja.

Nilirudi kortini. Hilo hulijui. Nilimwendea karani dirishani nikamwambia nataka kesi yangu irudi nyuma.

"Mzee, si wewe ulishinda?"

"Ni mimi."

"Sasa unataka nini ingine?"

Sikujua jina la ninachotaka. Wewe ungelijua, lakini wewe kesi huigusi. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, mtu akanisukuma kidogo, nikaondoka.

Basi nikaenda mwenyewe kumtafuta Muthoni kule mtaa wa Skuta. Amepanga chumba kimoja huko, yeye na wavulana, anafulia watu nguo. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani, akanipa chai. Nilimwambia arudi. Nilimwambia nitamwandikia sehemu yake kwa jina lake, na kama anataka, aing'oe kahawa yote mpaka mtoni, nami nitamsaidia. Alisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho mimi sikumfanyia.

"Baba Wanjiru, ulisema mbele ya korti mimi ni mtu wa nje. Korti ikakubali. Sasa leo unaniambia rudi. Wewe ni nani kwa hiyo maneno? Karatasi yako, kaa nayo. Pale sikuwekwa na wewe. Niliwekwa na nyaciara, na ni nyaciara peke yake anaweza kuniambia rudi."

Nilirudi nyumbani nikakukuta unapiga pasi nguo za safari. Nilitaka kukuambia. Badala yake nikatoka kufunga ng'ombe. Ningekuambia nini? Kwamba uende ukaseme na mke wa mwanao? Ulikwisha kuniambia umeinuka kwenye meza ile, mbele yangu na mbele yake. Na tena nilikumbuka kwamba mara ya mwisho nilipoazima kinywa chako, ilikuwa kortini. Sikutaka kukiazima tena. Kwa hiyo sikutumi, Wanjiru. Usisome barua hii kama baba anayekutuma kwa njia ya mzunguko. Mimi ni mtaalamu wa mzunguko, lakini leo nimechoka.

Kuhusu kazi yako ya Lodwar, sijui hata kidogo. Sijui watu wa huko wanagombania nini, kama ni visima au mbuzi au ni kina ndugu kama sisi. Najua tu kwamba utakaa kwenye meza, na safari hii si ya kuigiza, na ng'ombe atakuwepo. Atakuja mwanamke umuulize jambo moja, naye akujibu lingine kabisa, ambalo halimo kwenye swali. Mwalimu wenu amekufunza la kufanya na sitamwingilia. Mimi nakuambia tu nilichokiona nikiwa upande wa kuuliza. Siku ile ukweli wote wa shamba letu ulikuwa ndani ya kile alichokatazwa kumalizia, na mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumsikia akipumua. Kama una dakika ya kumwacha huyo mwanamke amalize, mwache amalize. Kama huna, basi angalau kumbuka kwamba ulimkata.

Pia sikutaka uende mbali hivi. Nafasi zilikuwepo za Nyeri, za Nanyuki, ulituambia mwenyewe, na ulichagua ya mbali zaidi katika karatasi nzima. Mama yako anasema ni kwa sababu huko ndiko wanakohitajika watu. Nikikutazama ukikunja nguo najua kwamba nimekuweka mbali kwa mikono yangu mwenyewe, na sina swali fupi wala refu la kukurudisha. Nenda. Ningekuwa wewe ningekwenda hata mbele ya Lodwar.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakwepa.

Juzi jioni ulisimama kwenye ua ukatazama chini kuelekea mtoni. Ukaniita, "Baba, kuja uone! Kuna moshi jikoni kwa Tata." Nilikuja. Ulikuwa umeshika mdomo kwa mikono miwili. Ukaniambia, "Amerudi. Umeenda ukamrudisha, si ndiyo?" Ukanikumbatia kabla sijajibu, na kisha ukaingia ndani ukiimba, ukaniletea chai. Ulitaka kuteremka kumwamkia, nikakuambia giza limeingia. Jana ulitaka kwenda tena, nikakutuma sokoni. Nimekuacha uifurahie siku mbili nzima. Nilijiambia, acha aende Lodwar na moyo mweupe, atajua huko mbele, kwani nimesema uongo gani? Uliniuliza, lakini sikukujibu ndiyo. Nilinyamaza tu.

Lakini kunyamaza ndiko kulikomtoa Muthoni nyumbani kwake. Siwezi kukusafirisha kwa mbinu ileile.

Kila jioni, baada ya kufunga ng'ombe, ninavuka itoka. Ninaingia jikoni kwa Muthoni, ninapanga kuni katikati ya yale mafiga matatu aliyopewa na mama siku ya kuolewa, ninawasha moto, ninakaa. Nyumba isiyo na moshi huanza kuliwa na mchwa, hiyo ndiyo sababu ninayompa mama yako. Sijui sababu yenyewe. Ninakaa mpaka kuni ziishe, upande aliokuwa analala mama, kisha ninafunika makaa kwa jivu na kupanda kilima.

Kesho gari likipinda pale juu ya kiwanda cha kahawa, utageuka kutazama nyumbani, najua, hujawahi kuacha. Huenda ukaona moshi. Kwa hiyo niulize tena lile swali lako la juzi, nami nitalijibu kama ulivyonifunza, kwa neno moja. Umemrudisha Tata, ndiyo ama hapana?

Hapana, mama. Moshi ule ni wangu.

Mwanao, na baba yako.